Jua Kipande Chako: Barabara ya Mombasa–Nairobi na Sisi Tunaoishi Kando Yake



Miaka kadhaa nyuma, baada ya swala ya isha, shangazi yangu alinipigia simu kutoka Bonje. Sauti yake haikuwa ya siku zote. "Mwanangu, wamekuja vijana wawili wamevaa vizibau vya kung'aa, wamenichorea iksi nyekundu ukutani, wakaenda zao. Nimewauliza ni ya nini, wakaniambia ni ya barabara. Barabara gani? Mimi na barabara tuko mbali!"

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, lakini mwenyewe nililala na wasiwasi. Shangazi alinunua kiwanja kile zamani, akaandikiana na muuzaji mbele ya wazee, na karatasi ile ndiyo hati yake mpaka leo. Hana hati miliki, kama walivyo wengi wetu huku Pwani. Asubuhi yake nilianza kuzunguka maofisini. Nina diploma, lakini si ya uhandisi wala ya sheria, kwa hiyo nilichojifunza nilijifunza kwa kuuliza na kusoma. Leo naona nikuandikie, maana barabara hii bado haijamaliza kupanuka na iksi hazijamaliza kuchorwa.

Njia ya zamani kuliko lami

Barabara ya kwenda Nairobi haikuanza na serikali. Kabla ya reli, misafara ilikuwa ikitoka pwani kwenda bara kutafuta pembe za ndovu. Mizigo mingi ilipandishwa kwa mashua kupitia hori la Tudor mpaka upande wa Jomvu, ikashushwa, ikabebwa vichwani kupitia Rabai na nyika kavu ya Taru. Waliosoma taarikh ya Mombasa wanajua kwamba Jomvu na Changamwe ni majina mawili katika zile Taifa Thenashara. Kabla hawajaitwa "watu wa kando ya barabara", hawa walikuwa wenye mji.

Mwaka 1890 kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kupasua njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa kwenda bara. Miaka michache baadaye Kapteni Sclater akaiendeleza kutoka Kibwezi mpaka upande wa Busia. Jina la mwenye kampuni, William Mackinnon, ndilo lililobaki pale Mackinnon Road, ambako wasafiri wengi wa Kiislamu husimama kuswali katika msikiti ulio kando ya reli, na wengine kuzuru kaburi la Sayyid Baghali Shah.

Njia ile haikudumu. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na serikali ya kikoloni ikaitegemea reli kwa kila kitu. Barabara iliachwa iwe ya vumbi na changarawe kwa miaka mingi, kwa sababu wakubwa hawakutaka malori yashindane na garimoshi. Lami ilikamilika kutoka Mombasa hadi Nairobi baada ya nchi kupata uhuru.

Hata hiyo lami ilikuwa ya njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipokuja ziliila vibaya, na miaka iliyofuata ikakarabatiwa kipande kwa kipande. Aliyepanda basi la usiku anaijua ile hali: trela mbele linapanda mlima kwa taabu, dereva wa basi anachungulia kulia, anarudi, anachungulia tena, na abiria walio macho wanasoma dua kimoyomoyo.

Kwa nini haipanuliwi yote kwa pamoja?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi barazani. Barabara nzima ni takriban kilomita 480. Upanuzi tunaouona huku kwetu ni wa kutoka Mombasa hadi Mariakani, na umegawanywa mara mbili. Kipande cha kwanza ni Mombasa hadi Kwa Jomvu, kilomita 11 na kidogo. Cha pili ni Kwa Jomvu hadi Mariakani, kilomita 30 hivi. Jumla ni kama kilomita 41. Ukigawanya kwa 480 utaona kwamba kazi hii yote, pamoja na vumbi na foleni zake za miaka nenda miaka rudi, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya safari ya Nairobi. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilidhani nimekosea.

Sababu ya kwanza ya kukata vipande ni msongamano. Mizigo ya bandari ya Kilindini haiendi Nairobi peke yake. Inakwenda Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Kongo, na yote sharti ipite katika koo moja kabla haijatawanyika. Kwa hiyo panapobanwa zaidi ndipo panapoanza.

Sababu ya pili ni uzito. Wahandisi wana kanuni yao inayosema kwamba ukizidisha uzito wa ekseli mara mbili, madhara kwa barabara hayaongezeki mara mbili. Yanaongezeka karibu mara 16. Gari dogo lako likipita mara elfu, lami haijui kama umepita. Trela lililozidisha mzigo likipita mara moja, lami inajua. Joto letu la Pwani nalo hulainisha lami, na mahali trela zinapopanda polepole au kusimama foleni, magurudumu huchimba mifereji. Ndiyo maana ya mizani pale Mariakani, na ndiyo maana barabara ya malori haiwezi kutengenezwa kwa kuongeza lami juu ya ile ya zamani tu. Hufukuliwa, ikajengwa upya tabaka kwa tabaka kutoka chini, na kazi hiyo ni ghali mno kwa kila kilomita.

Sababu ya tatu ni ardhi. Kupanua barabara kunataka nafasi, na nafasi ile mara nyingi ina nyumba, msikiti, kaburi, mwembe wa babu, bomba la maji na nguzo ya stima. Kila kimoja kina wa kuzungumza naye. Mwanakandarasi akifika kabla haya hayajamalizwa, mitambo hulala na gharama huendelea kuhesabiwa.

Na sababu ya nne, ambayo ndiyo iliyonifungua macho, ni pesa.

Kila kipande kina mkopeshaji wake

Sisi hutazama barabara tukaona kitu kimoja kirefu cheusi. Anayeifadhili haioni hivyo. Kipande cha Mombasa hadi Kwa Jomvu kilipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kipande cha Kwa Jomvu hadi Mariakani kiliingiwa na wafadhili wa Ulaya, wakiwemo Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW. Barabara ya Dongo Kundu, inayoanzia upande wa Miritini na kuvuka kwenda Kwale bila kupitia kivuko cha Likoni, ilijengwa kwa msaada wa Japani kupitia JICA.

Utasema, mimi yanihusu nini benki ya Ulaya? Yanakuhusu sana. Kila mkopeshaji wa aina hii ana masharti yake kuhusu watu wanaohamishwa, na mara nyingi masharti hayo yanamtazama hata asiye na hati miliki. Tena benki hizi zina ofisi maalumu ya kupokea malalamiko ya wananchi. Mtu wa Bonje anaweza kuandika barua bila kuwa na wakili wala mheshimiwa wa kumshika mkono.

Haya si maneno ya barazani. Mwaka 2015 nyumba na maduka kule Jomvu yalichorwa iksi nyekundu kwa ajili ya upanuzi huu. Mwezi Mei mwaka huo buldoza lilikuja usiku likabomoa, na zaidi ya watu 100 wakapoteza makao au riziki. Shirika la Amnesty International lilichunguza likatoa ripoti, na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya nayo ikaguswa na jambo hilo. Mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, ilikubali kwamba lile lilikuwa kosa lake na kwamba ilipaswa kulirekebisha. Ndugu msomaji, ni mara ngapi umesikia ofisi ya serikali ikikubali kosa? Ilikubali kwa sababu watu walijua kipande chao ni cha nani na malalamiko yao yakafika panapostahili.

Iksi nyekundu inamaanisha nini?

Sasa turudi ukutani kwa shangazi.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba iksi si amri ya kubomoa. Ni alama ya mtu wa vipimo kusema kwamba hapa pameangukia ndani ya mstari. Swali lako la mwanzo liwe: mstari upi? Kuna mistari miwili, na ukiichanganya utapoteza haki yako.

Mstari wa kwanza ni hifadhi ya barabara, yaani ardhi ambayo tayari ni ya serikali kwa ajili ya barabara, hata kama kwa miaka mingi haijatumika. Aliyejenga humo hana fidia ya ardhi, kwa kuwa ardhi si yake. Lakini hiyo haimaanishi kwamba anaweza kuamshwa usiku na buldoza. Sheria ya ardhi iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016 inataka anayekaa kwenye ardhi ya umma apewe ilani ya angalau miezi 3 kabla ya kuondolewa.

Mstari wa pili ni ardhi mpya inayochukuliwa kutoka kwa watu ili barabara ipanuke. Hapa kifungu cha 40 cha Katiba kinasema lazima mwenyewe alipwe fidia ya haki, kamili na kwa haraka. Na kuna kijifungu kidogo, 40(4), ambacho kila mtu wa Pwani angepaswa kukijua kama anavyojua jina lake. Kinaruhusu fidia hata kwa mtu anayekaa katika ardhi ile kwa nia njema bila kuwa na hati miliki. Soma tena sentensi hiyo, kisha umsomee jirani yako.

Utaratibu wake uko hivi. Tume ya Taifa ya Ardhi, NLC, hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba inakusudia kuchukua ardhi fulani. Zikipita si chini ya siku 30 huitisha kikao cha uchunguzi, na kikao hicho nacho hutangazwa angalau siku 15 kabla. Mwenye dai anatakiwa awe amewasilisha dai lake kwa maandishi kufikia siku ya kikao. Hapo ndipo watu wetu wengi wanapoponyokwa. Gazeti Rasmi halifiki Bonje. Halisomwi msikitini wala kanisani. Mtu anasikia habari za kikao baada ya kikao. Asiyeridhika na fidia aliyopewa anaweza kwenda kwenye mahakama maalumu ya ardhi zinazochukuliwa na serikali, iliyowekwa na sheria ya 2019, lakini huko nako anayefika na karatasi ndiye anayesikilizwa.

Kwa hiyo nilimwambia shangazi afanye mambo matano. Apige picha nyumba yote, ndani na nje, na picha ziwe na tarehe. Atoe nakala za karatasi ya kununulia na kitambulisho. Aandike orodha ya kila kilichopo: vyumba, choo, tangi, minazi, miembe na kibanda chake cha mahamri, kwa maana biashara nayo ni mali. Atafute wazee wawili waliokuwepo wakati ananunua, angali wako hai. Na amwendee chifu aandikiwe kwamba ni mkaazi wa pale.

Lililobaki lilikuwa kujua mstari. Katika ofisi moja niliambiwa nirudi kesho mara tatu. Katika nyingine nilionyeshwa ramani kwa dakika mbili, ikakunjwa. Hatimaye kijana mmoja wa vipimo, Mungu amlipe kheri, alikuja naye mpaka uwanjani akapima mbele yetu. Ikaonekana kibanda cha mahamri na ukuta wa mbele vimo ndani ya hifadhi ya barabara. Nyumba yenyewe iko nje, na kona yake moja tu imeguswa na ardhi mpya. Ile iksi moja ilikuwa imefunika mambo mawili tofauti, na hakuna aliyeona haja ya kumweleza mwanamke mzee.

Lori likiondoka

Kuna jambo jingine ambalo ramani haionyeshi. Barabara inaweza kupanuliwa vizuri, kisha riziki ikahama.

Reli ya SGR ilifunguliwa mwaka 2017. Mwaka 2019 likatoka agizo kwamba mizigo yote inayoingia kwenda Nairobi isafirishwe kwa reli hiyo. Mombasa ilinuna. Watu waliandamana kila Jumatatu, kwa kuwa nyuma ya kila trela kuna fundi wa magurudumu, muuza vipuri, mwenye hoteli, mlinzi wa yadi na mama wa chai. Miritini na Mariakani waliyaona hayo kwa macho yao. Mwezi Septemba mwaka 2022, rais mpya alipoapishwa, agizo likaondolewa na shughuli zikarudi Mombasa.

Funzo langu hapo ni kwamba lami haimlishi mtu. Kinachomlisha ni ruhusa ya kusimama kando yake akauza. Barabara mpya za kasi zina vizuizi vya chuma na madaraja ya juu, na gari halisimami popote linapotaka. Ni salama zaidi, sikatai, na kila aliyezika ndugu kwa ajali ya barabara hii atataka hivyo. Lakini ikiwa michoro haina mahali pa soko, pa bodaboda wala pa watoto wa shule kuvukia, basi salama hiyo ni ya anayepita, na anayekaa ameachwa.

Barabara ya kulipia

Sasa kuna gumzo la hatua inayofuata. Mwaka 2017 kulikuwa na mpango na kampuni ya Marekani, Bechtel, wa kujenga barabara ya kasi kutoka Mombasa hadi Nairobi, ukakwama katika mabishano ya namna ya kuilipia. Baadaye kampuni nyingine ya huko huko, Everstrong Capital, ikapendekeza barabara ya kulipia ya takriban kilomita 440, ikaiita Usahihi.

Barabara ya aina hii mwekezaji hujenga kwa pesa zake na za wakopeshaji wake, kisha hukusanya ada kwa miaka mingi. Mfano tunao Nairobi, ile barabara ya juu ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022. Wala ada si jambo geni nchini. Tulikuwa na vituo vya kulipia zamani, na kile cha barabara ya Thika mpaka leo jina lake ni Toll. Vituo vile viliachwa, ikaletwa ada ya matengenezo ya barabara kwenye mafuta chini ya sheria ya 1993. Ada hiyo ilipandishwa mwaka 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Kwa hiyo hata mwenye tuktuk wa Mikindani ambaye hajawahi kufika Voi anailipia barabara kila anapotia mafuta.

Mimi sipingi barabara ya kulipia. Ninachouliza ni maswali ya mtu anayeishi kando. Ile barabara ya zamani itaendelea kutengenezwa kwa wasio na pesa za ada, au itaachwa ife? Mkataba tutausoma kabla haujatiwa saini? Na mtu wa Bonje akionewa, atampelekea nani barua? Leo nikiwa na kipande cha benki ya umma najua mlango wa kubisha. Kipande kikiwa cha kampuni binafsi, ni lazima mlango huo uandikwe ndani ya mkataba tangu mwanzo. Tukinyamaza sasa hautaandikwa.

Tufanye nini?

Wawakilishi wetu wa wadi waombe orodha ya ardhi zinazotakiwa na kuibandika kwenye milango ya misikiti, makanisa na ofisi za machifu, kwa Kiswahili. Maimamu wetu hutangaza jeneza na harusi. Kutangaza tarehe ya kikao cha NLC hakutapunguza thawabu zao. Na vijana wetu wenye simu janja wawasomee wazee Gazeti Rasmi, kwani linapatikana mtandaoni.

Na wewe ukiona iksi ukutani kwako, kabla ya kulia, uliza maswali matatu: huu ni mstari upi, kipande hiki ni cha nani, na kikao ni lini? Majibu yaandike. Jina la aliyekujibu liandike pia.

Shangazi alikihamisha kibanda chake nyuma kidogo kwa hiari yake, kabla ya kuambiwa. Ya ile kona ya nyumba dai lake liko ofisini, na bado tunalifuatilia. Kila nikienda kumtembelea hunitolea bahasha ya kaki kutoka chini ya godoro, akahesabu karatasi moja moja mbele yangu, kisha akairudisha. Mahamri yake anauza kama kawaida, na wateja wake wengi siku hizi ni wale vijana wa vizibau vya kung'aa.